Maswali ya Wasomaji: Seli, Sehemu Zake na Kazi Zake

Barua nyingi zilizofika katika ukurasa huu zimehusu seli, mada ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo mapema katika somo la baiolojia na ambayo huendelea kuwarudia hadi mwisho wa masomo yao. Tumechagua barua tano. Tunaanza na ya mwanafunzi, kwa sababu jibu lake linawasaidia wote wanaofuata.

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Tanga. Nimekariri sehemu za seli na kazi zake kama zilivyo daftarini, lakini baada ya muda mfupi nachanganya ribosomu na lisosomu, na mwili wa Golgi sijawahi kuuelewa kabisa. Wenzangu wametunga wimbo wa kukumbukia. Nifanye nini ili mambo haya yakae kichwani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kukariri kwa wimbo si vibaya, na majina ni lazima uyajue, lakini orodha ya daftarini ina upungufu mkubwa: inakufundisha sehemu za seli bila kukuonyesha seli yoyote. Ile seli ya mchoroni, yenye kila oganeli (yaani kila sehemu ndogo ya seli yenye kazi yake) mahali pake, imechorwa kwa ajili ya kufundishia. Mwilini mwako hakuna seli ya jumla namna hiyo. Kuna seli za misuli, za ini, za ngozi, za neva na za damu, na kila aina ina kazi yake. Kazi hiyo ndiyo inayoamua ni oganeli zipi ziwe nyingi, zipi ziwe chache na zipi zisiwepo kabisa. Kwa hiyo nakushauri uanze na seli fulani na kazi yake, kisha ujiulize inahitaji nini ili iweze kuifanya.

Chukua seli za tezi za mate. Ukitafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza, utaonja utamu kidogo, kwa sababu mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho huvunja wanga kuwa sukari. Amilesi ni protini, na hutengenezwa ndani ya seli za tezi kabla ya kumwagwa kinywani. Tuifuate njia yake. Maelekezo ya kuitengeneza yamo ndani ya kiini, katika DNA, ambayo yenyewe haitoki humo; kinachotoka ni nakala ya maelekezo hayo, iitwayo RNA, nayo hupitia katika vitundu vidogo vilivyomo kwenye utando wa kiini. Nje ya kiini nakala hiyo hupokewa na ribosomu, ambazo huisoma na kuunganisha asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Ribosomu zinazotengeneza protini za kupelekwa nje ya seli hujibandika juu ya retikulamu endoplazimu, yaani ule mtandao wa mifereji na vifuko bapa uliotanda katika saitoplazimu (ule ute unaojaza seli nje ya kiini), na protini huingia ndani ya mtandao huo papo hapo inapotengenezwa, ikakunjwa na kupata umbo lake. Kutoka hapo husafirishwa ndani ya vifuko vidogo hadi kwenye mwili wa Golgi, ambao huirekebisha, huitenga na protini nyingine kulingana na mahali inapokwenda, na kuitia katika vifuko vipya. Vifuko hivyo husogea hadi kwenye utando wa seli, huungana nao, na amilesi humwagika nje. Njiani kote nishati inatumika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kwenye mitokondria.

Isome aya hiyo tena ukiwa umeufungua mchoro, kidole chako kikiifuata njia kutoka kwenye kiini hadi kwenye utando. Utaona kwamba mwili wa Golgi ulikushinda kwa sababu uliusoma peke yake, umetengwa na kinachoingia na kinachotoka. Njia hii haikubuniwa na walimu ili kurahisisha somo. George Palade na wenzake waliithibitisha katika miaka ya 1960 kwa kuzipa seli za kongosho la panya wa Guinea asidi amino zenye mionzi kwa dakika chache tu, kisha kutazama mionzi hiyo imefika wapi kadiri muda ulivyopita: kwanza ilionekana kwenye retikulamu endoplazimu, baadaye kwenye mwili wa Golgi, na mwishowe kwenye vifuko vinavyongoja kumwagwa. Mwaka 1974 Palade alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve, na huyo de Duve ndiye aliyegundua lisosomu.

Kuhusu lisosomu, iunganishe na seli nyeupe ya damu iliyokwisha kummeza bakteria. Bakteria huyo yumo ndani ya kifuko. Lisosomu, ambayo nayo ni kifuko kilichojaa vimeng'enya vya kumeng'enya, huungana na kifuko hicho, na bakteria huvunjwavunjwa. Ribosomu hujenga protini, na lisosomu huvunja vitu. Ukishaiona seli nyeupe ikifanya kazi hutazichanganya tena.

Seli nyingine uzipitie kwa namna hiyo hiyo. Seli ya msuli wa moyo hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo imejaa mitokondria. Mbegu ya kiume ina mkia wa kuogelea, na mitokondria zake zimejipanga nyuma ya kichwa, pale mkia unapoanzia. Seli za upande wa juu wa jani, zinazopokea mwanga mwingi, zina kloroplasti nyingi. Seli ya kinyweleo cha mzizi haina kloroplasti hata moja, kwa kuwa kazi yake ni kufyonza maji na madini gizani. Mwanafunzi anayeandika kwamba kila seli ya mmea ina kloroplasti anakosea. Na lipo kosa jingine ambalo nimeliona mara nyingi katika karatasi za majibu, nalo ni kudhani kwamba mimea haina mitokondria kwa sababu ina kloroplasti. Kloroplasti hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga, lakini ili nishati iliyomo katika chakula hicho itumike, mmea unahitaji mitokondria kama tunavyozihitaji sisi, mchana na usiku.

Swali: Ndugu mhariri, nafundisha baiolojia katika sekondari moja mkoani Singida. Tuna hadubini moja kwa darasa kubwa, na kemikali za kutia rangi zimekwisha. Je, nawezaje kuwaonyesha wanafunzi sehemu za seli badala ya kuwachorea tu ubaoni?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, uko mahali ambapo vitunguu havikosekani, na kitunguu chekundu kitakufaa hata kama huna tone la iodini. Kata kitunguu vipande vinne na utenganishe magamba yake manene. Upande wa nje wa gamba, ule uliobinuka, una ngozi nyembamba ya zambarau. Ikate kidogo kwa wembe na uichune kwa kibano; kipande cha ukubwa wa nusu ya ukucha wa kidole kidogo kinatosha, na kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kiweke katika tone la maji juu ya slaidi bila kujikunja. Kisha shika kile kioo chembamba cha kufunikia, kiegemeze upande mmoja, na ukishushe polepole kwa ncha ya sindano ili kisukume hewa nje. Ukikiangusha kwa ghafla utafungia viputo vya hewa, na wanafunzi watachora viputo: ni miduara kamili yenye kingo nene nyeusi, na huwavutia kuliko seli zenyewe.

Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Utaona seli ndefu zilizopangwa kama matofali, zimejaa rangi ya zambarau. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, yaani kile kifuko kilichojaa maji ndani ya seli, na kwa kuwa vakuoli imechukua karibu nafasi yote ya seli, saitoplazimu imebanwa pembeni na kuwa utepe mwembamba. Wanafunzi wengi huchora vakuoli ndogo katikati ya seli kwa sababu hawajawahi kuona ukubwa wake halisi. Sasa weka tone la maji ya chumvi kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, na kipande cha karatasi inayofyonza maji kwenye ukingo wa pili, ili maji ya chumvi yavutwe kupita chini ya kioo. Baada ya dakika chache ile zambarau hujivuta kutoka pembeni na kujikusanya katikati, huku ukuta wa seli ukibaki pale pale na umbo lake. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa macho yake kwamba ukuta wa seli na utando wa seli ni vitu viwili tofauti: ukuta wa selulosi ni mgumu na hupitisha maji na chumvi, ilhali utando hupitisha maji kwa urahisi na kuizuia chumvi, kwa hiyo maji hutoka ndani ya seli na utando husinyaa pamoja na kilichomo. Ukiirudishia seli maji safi mapema, rangi hutanda tena.

Kwa darasa kubwa, wakati kundi moja liko kwenye hadubini, makundi mengine yafanye jaribio la viazi mviringo. Wakate vipande vinavyolingana, vingine waviloweke katika maji matupu na vingine katika maji yenye chumvi nyingi, na baada ya saa moja wavikunje kwa vidole. Vya maji matupu vitakuwa vigumu, na vya maji ya chumvi vitakuwa vimelegea. Waongeze na vipande vya kiazi kilichochemshwa, ambavyo havitakuwa na tofauti hiyo, kwa kuwa kuchemsha huharibu utando wa seli. Swali la kwa nini kiazi kilichoiva hakifuati mkondo ule ule linafundisha kazi ya utando kuliko maelezo mengi ya ubaoni.

Waambie pia wazi kile ambacho hawatakiona. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na ribosomu ina upana wa takriban sehemu ya kumi ya kipimo hicho. Kwa hadubini ya shule wataona ukuta, vakuoli na, wakipata iodini na ngozi ya ndani ya gamba isiyo na rangi, kiini; ribosomu, retikulamu endoplazimu na muundo wa ndani wa mitokondria vilifahamika baada ya kuwepo hadubini ya elektroni. Robert Hooke alichapisha michoro ya vyumba vidogo vya gome la mti mwaka 1665, lakini alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Kiini kilipewa jina na Robert Brown mwaka 1831, zaidi ya miaka 160 baadaye. Mwanafunzi asiyeona kila kitu siku ya kwanza asidhani kwamba ameshindwa. Na kama hadubini yenu hutumia kioo badala ya taa, kamwe kisielekezwe kwenye jua moja kwa moja, maana jicho linaweza kupata madhara ya kudumu.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mzazi, naishi Mwanza. Mwanangu ana selimundu. Naambiwa ni ugonjwa wa seli nyekundu za damu na kwamba ni wa kurithi. Binti yangu mkubwa, aliye sekondari, ameniambia kwamba seli nyekundu haina kiini, na kwamba urithi umo kwenye kiini. Sasa ugonjwa huu ulirithiwaje katika seli isiyo na kiini?

Jibu: Pole kwa kuuguza, mama au baba, na mpongeze binti yako kwa niaba yetu, kwa sababu hoja yake ni sahihi na swali lake ni zito. Seli nyekundu iliyokomaa kweli haina kiini, lakini haikuanza hivyo. Huzaliwa ndani ya uloto wa mifupa ikiwa na kiini kamili, na katika kipindi hicho hutumia maelekezo ya kiini kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Inapokaribia kukomaa hukitoa kiini chake nje, na baadaye hupoteza mitokondria na ribosomu pia. Kinachobaki ni mfuko bapa uliobonyea katikati pande zote mbili, wenye upana wa mikromita 7 hadi 8, uliojaa molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Kukosa mitokondria kunaifaa, kwa kuwa mitokondria zingetumia ile oksijeni inayopaswa kufikishwa kwingine. Gharama yake ni kwamba seli hiyo haiwezi kujitengeneza upya, hivyo huishi takriban siku 120 tu, na uloto unapaswa kuzalisha nyingine wakati wote.

Katika selimundu kasoro imo kwenye maelekezo yenyewe, katika jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya protini) iliyo kwenye kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi za DNA zilizomo kwenye kiini. Himoglobini ina minyororo ya aina mbili, na katika mnyororo uitwao beta, wenye asidi amino 146, asidi ya sita imebadilika: palipotakiwa asidi glutamiki pamewekwa valini. Badiliko hilo moja linatosha kuzifanya molekuli za himoglobini zishikamane na kuwa nyuzi ndefu pale zinapokuwa zimeachia oksijeni, na nyuzi hizo huivuta seli ikawa na umbo la mundu. Seli zenye umbo hilo hukwama katika mishipa midogo, na ndiyo asili ya yale maumivu makali ya mwanao; pia huvunjika mapema, nyingi zikiishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na ndiyo sababu ya upungufu wa damu. Kwa hiyo kasoro hukaa katika kiini, huingia kwenye protini wakati seli ikiwa changa, na huonekana kama ugonjwa baada ya kiini kuondoka.

Kila mmoja wetu amebeba nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja yenye kasoro kwa kawaida haumwi, na wazazi wa mtoto mwenye selimundu mara nyingi wako katika hali hiyo bila kujua. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila ujauzito, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Hakuna kati yenu mwenye lawama, na maneno ya mtaani yanayomtupia mama peke yake mzigo huo hayana ukweli wowote. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye nakala moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na hiyo ndiyo sababu jeni hii imeenea katika maeneo yenye malaria nyingi, ukanda wa Ziwa Victoria ukiwemo. Endelea kuhudhuria kliniki bila kukosa, mpe mtoto maji ya kutosha, na umuulize daktari wake kuhusu dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza mashambulizi ya maumivu kwa wagonjwa wengi.

Swali: Ikiwa bakteria ni seli na sisi tumeundwa kwa seli, mbona antibaiotiki huua bakteria na kutuacha sisi salama? Msomaji, Mombasa.

Jibu: Kwa sababu dawa hizo hulenga sehemu ambazo seli zetu hazina, au zilizo nazo kwa muundo tofauti. Penisilini na amoksilini huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria; seli ya binadamu haina ukuta, ina utando tu, kwa hiyo haiguswi kwa njia hiyo. Doksisaiklini na erithromaisini hushika ribosomu za bakteria, ambazo ni ndogo kuliko zetu na zenye umbo tofauti. Virusi navyo si seli: havina ukuta wa namna hiyo wala ribosomu zao, na ndiyo maana antibaiotiki haziponyi mafua, ambayo huletwa na virusi. Kuzinunua dukani na kuzinywa kwa mazoea kila unapopiga chafya hakukusaidii, na huwapa bakteria walio mwilini mwako nafasi ya kujenga usugu.

Swali: Nimesikia kwamba mitokondria zote za mtu hutoka kwa mama yake. Je, ni kweli? Na kama kiini ndicho chenye DNA, mitokondria zinarithiwaje peke yake? Msomaji, Unguja.

Jibu: Kwa kawaida ni kweli. Mitokondria ni oganeli ya pekee katika seli zetu kwa sababu ina DNA yake yenyewe nje ya kiini, yenye umbo la duara, na huongezeka kwa kujigawa. Yai la mama lina mitokondria nyingi sana, ilhali zile chache zinazoingia na mbegu ya baba huharibiwa baada ya utungisho. Hivyo mama mwenye kasoro katika DNA ya mitokondria anaweza kuwarithisha watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mwanawe wa kiume, hata akiugua, kwa kawaida hatawarithisha watoto wake.

Sababu ya mitokondria kuwa na DNA yake inarudi nyuma sana. Mwaka 1967 Lynn Margulis, mwanabaiolojia wa Marekani, alichapisha hoja kwamba mitokondria na kloroplasti zilitokana na bakteria walioingia katika seli nyingine zamani na kuishi humo hadi wakawa sehemu yake. Hoja hiyo ilipingwa kwa miaka mingi, lakini ushahidi umeiunga mkono: mitokondria ina tando mbili, ribosomu zake zinafanana na za bakteria kuliko zile nyingine za seli yetu, na DNA yake ina mfuatano unaoonyesha undugu na bakteria. Tangu zama hizo jeni zake nyingi zimehamia kwenye kiini. Katika binadamu, DNA ya mitokondria imebaki na jeni 37 tu, na kati ya hizo 13 pekee ndizo zinazoelekeza utengenezaji wa protini. Protini nyingine zaidi ya elfu moja inazozihitaji hutengenezwa kwa maelekezo ya kiini, katika ribosomu za saitoplazimu, kisha huingizwa ndani yake. Kwa sababu hiyo mitokondria iliyotolewa nje ya seli haiwezi tena kuishi na kuzaliana yenyewe kama bakteria.